Mtoto Uliyempokea na Ritani Yako ya Kodi

Ndugu wasikilizaji, popote mnapotusikia: Louisville, Des Moines, Columbus, Dallas, na wewe uliye njiani kutoka zamu ya usiku, umewasha redio ili usingizi usikushike, leo nazungumzia kodi, na tafadhali usihame stesheni. Nazungumzia kodi ya watu wa aina moja, ambao kwetu ni wengi kuliko tunavyojihesabu: watu waliompokea mtoto ambaye hawakumzaa.

Ni nani hao? Ni mjomba aliyeingia Marekani na watoto wake wanne, pamoja na wawili wa marehemu dada yake. Ni bibi anayelea wajukuu kwa sababu mama yao anaumwa. Ni familia iliyopigiwa simu usiku na idara ya ustawi wa watoto, na saa mbili baadaye mtoto yuko mlangoni na mfuko mmoja wa nguo. Ni mume na mke waliosimama mbele ya hakimu wakaasili. Kwetu wote hao ni wazazi, na mtoto ni mtoto, basi. IRS, ile mamlaka ya kodi ya serikali kuu, haikatai. Ila ina maswali yake, na kila swali lina karatasi yake.

Kabla sijaenda mbali: mimi ni mtu wa kujitolea, najazia watu ritani Jumamosi wakati wa msimu wa kodi. Si wakili. Ninachosema leo kinahusu kodi ya serikali kuu kwa mwaka 2025, ile ambayo mwisho wake wa kuijaza ni Aprili 15, 2026. Jimbo lako linaweza kuwa na yake.

Haya, tuanze na swali linalowavuruga watu kuliko yote. Huyu mtoto ni nani kwako?

Sikilizeni vizuri hapa. Sheria inakubali kama mtoto tegemezi wako yule uliyemzaa, mtoto wa mume au mke wako, mdogo wako, mjukuu wako, na mtoto wa kaka au dada yako. Hata kama na huyo kaka au dada mmechangia baba tu, au mama tu, inahesabika. Kwa hiyo mpwa wako, mtoto wa dada yako aliyefariki Uvira, anaingia. Huhitaji hakimu. Huhitaji karatasi ya kuasili. Unachohitaji ni kuweza kuonyesha undugu siku utakapoulizwa: cheti chake cha kuzaliwa, cha mama yake, na chako. Narudia, maana Jumamosi iliyopita tu nimeulizwa tena: mtoto wa kaka au dada yako hahitaji mahakama ili umweke kwenye ritani yako.

Na mtoto wa binamu? Hayumo. Mtoto wa jirani mliyeishi naye kambini Nyarugusu, mama yake akafa, ukamchukua, akakulia mgongoni kwako, mkaja naye huku katika kesi moja ya ukimbizi? Kwa njia ya undugu, hayumo. Najua inauma kusikia hivyo. Mtoto huyo hamjui mama mwingine, na wewe hujawahi kumtofautisha na wako hata kwenye sahani. Lakini sheria imemwekea njia nyingine. Njia moja ni awe mtoto wa fosta, maana yake amewekwa kwako na idara ya jimbo, au na shirika lenye leseni ya kazi hiyo, au kwa amri ya mahakama. Njia nyingine ni umwasili. Akiwa na moja ya hizo, mbele ya IRS ni sawa na uliyemzaa.

Ukikosa zote? Bado kuna kipenyo. Kama aliishi kwako mwaka mzima, Januari hadi Desemba, ukabeba wewe zaidi ya nusu ya matumizi yake, yeye mwenyewe hana kipato cha maana, na hakuna mwingine anayestahili kumdai, unaweza kumwandika tegemezi wa kundi la pili. Nafuu yake ni dola 500. Kwa yule anayehesabika kama mtoto wako, akiwa bado hajafikisha miaka 17 mwisho wa mwaka, nafuu inafika dola 2,200. Piga hesabu hiyo kwa mtoto wa miaka minane, mwaka hadi mwaka, uone kama haifai kumtafuta wakili wa msaada wa kisheria akusaidie kuomba amri ya mahakama ya kumweka mtoto kwako rasmi. Tena faida ya amri hiyo haiishii kwenye kodi. Siku mtoto akilazwa hospitali, utaulizwa karatasi hiyohiyo.

Nipite haraka kwenye jambo jingine. Wapo wanaoniuliza kuhusu watoto walioko nyumbani, Kigoma, Bujumbura, Goma, ambao wanalipiwa ada na kulishwa kwa pesa inayotoka hapa kila mwezi. Hao hawaingii. Kwa kawaida tegemezi lazima awe raia au mkazi wa Marekani, au mkazi wa Kanada au Meksiko. Pesa unayotuma ni sadaka na wajibu wako, Mungu anaiona, IRS haiioni.

Swali la pili. Mtoto alilala wapi?

Sheria inataka awe ameishi kwako zaidi ya nusu ya mwaka. Shule ya bweni, kulazwa hospitali, likizo kwa shangazi, hayo hayavunji hesabu, maana kwao ni kwako. Kwa mtoto wa fosta aliyewekwa kwako katikati ya mwaka, au uliyemwasili katikati ya mwaka, maelekezo ya fomu 1040, ile ya ritani yenyewe, yana kifungu chake, kinachohesabu muda tangu alipowekwa. Basi usikate tamaa kwa sababu tu alikuja Septemba. Mwonyeshe anayekujazia tarehe ya kuwekwa, mkasome kifungu hicho pamoja.

Na ushahidi? Hapa nakaa kidogo, maana ndipo watu wenye haki kabisa wanaponyimwa. IRS ikiandika barua kutaka uthibitisho, mtu anakimbia shuleni, anaomba barua, anapewa karatasi nzuri yenye nembo: fulani ni mwanafunzi wetu. Imeandikwa tarehe ya leo. Haisemi anaishi wapi, haisemi alisoma hapo lini. Barua hiyo haikusaidii. Barua inayosaidia ina vitu vinne: jina la mtoto, jina lako kama mzazi au mlezi, anwani yenu, na tarehe za mwaka ule unaoulizwa. Halafu kumbuka kwamba mwaka wa kodi unaanza Januari, lakini mwaka wa shule hapa unaanza Agosti au Septemba. Kwa hiyo mwaka mmoja wa kodi unagusa miaka miwili ya shule. Mwambie karani wa shule akuandikie muhula ulioishia Mei au Juni na ule ulioanza baada ya likizo. Kama mtoto alihama shule, utahitaji barua mbili. Kliniki ya watoto nayo hutoa barua ya namna hiyo, na ofisi ya jimbo iliyokupa mtoto inaweza kukuandikia tarehe aliyowekwa. Ziombe sasa, kabla hujaulizwa. Karani wa shule yupo mwezi huu. Julai utakuta mlango umefungwa.

Tuendelee. Hela ya fosta.

Ile pesa inayokuja kila mwezi kutoka jimboni, au kwa shirika lililopewa kazi na jimbo, je, unaikatia kodi? Hapana. Kwa kawaida si kipato, na huiandiki kama mshahara. Hata ile nyongeza inayotolewa kwa mtoto mwenye ugonjwa au ulemavu unaohitaji uangalizi zaidi, nayo haikatwi kodi. Hili linawahusu pia jamaa zetu waliopokea vijana wakimbizi waliofika huku bila wazazi, wale wanaowekwa kwenye familia zenye leseni kupitia mpango wa serikali. Na kuna hofu nyingine inayozunguka makanisani na misikitini, kwamba ukishapokea hela ya fosta huwezi kumwandika mtoto kwenye ritani, kwa kuwa serikali ndiyo inayomlisha. Si kweli. Swali la sheria kwa mtoto wa fosta ni kama mtoto mwenyewe ndiye aliyejigharamia zaidi ya nusu. Hela ya jimbo haihesabiki kuwa yake. Kijana wako wa miaka 16 anayefanya kazi ya kupanga bidhaa dukani wikendi, akanunua viatu na simu, hajajigharamia nusu ya maisha yake. Bado ni tegemezi wako.

Sasa namba. Nafuu ile ya dola 2,200 inataka mtoto awe na namba ya Social Security inayoruhusu kazi, na tangu mwaka 2025 inamtaka mzazi pia awe nayo, au mmoja wenu kama mnajaza pamoja. Namba ya mtoto wa fosta mwombe kesiwoka wako, yaani afisa anayemfuatilia mtoto huyo, na mwombe kwa maandishi. Kama mtoto yuko kwako kwa ajili ya kuasiliwa na namba yake haipatikani, ipo namba ya muda inayoombwa kwa fomu W-7A. Itakusaidia kumwandika tegemezi na kupata ile dola 500, lakini haikupi 2,200, wala haikupi EITC, ile nafuu ya wafanyakazi wa kipato kidogo. Kama namba halisi iko njiani, omba muda wa nyongeza kwa fomu 4868 kabla ya Aprili 15, upate hadi Oktoba. Namba ikitoka ndani ya muda huo, haki yako ipo. Ikitoka baada ya muda kupita, ya mwaka huo imekwenda. Kumbuka tu kwamba muda wa nyongeza ni wa kujaza. Kama unadaiwa, kulipa ni Aprili palepale.

Na kwa walioasili wakambadilisha mtoto jina: pitieni kwanza ofisi ya Social Security. Jina la kwenye ritani lisipolingana na lililo kwenye kumbukumbu zao, kompyuta inaweza kuirudisha.

Haya, nimefika kwenye jambo ambalo hasa ndilo lililonileta leo. Nafuu ya kuasili.

Kuna fomu inaitwa 8839. Ukisikia namba hiyo ikumbuke, andika hata kwenye kiganja: 8839. Kwa mwaka 2025 nafuu yake inafika dola 17,280 kwa kila mtoto. Kwa kila mtoto, nasema. Ukiasili kwa njia ya kawaida, unadai gharama ulizotoa kweli: wakili, mahakama, shirika, safari na malazi ya safari hiyo. Ukiasili mtoto kutoka nchi nyingine, unasubiri mpaka uasili ukamilike ndipo udai. Ukimwasili mtoto wa mume au mke wako, nafuu hii haikuhusu. Wenye ndoa kwa kawaida lazima mjaze pamoja. Inaanza kupungua kwa wenye kipato kinachozidi dola 259,190 kwa mwaka, na wasikilizaji wangu wenye tatizo hilo naamini wana mhasibu wao.

Lakini waliomwasili mtoto wa fosta, hebu sogeeni karibu na redio. Jimbo likiwa limeamua kwamba mtoto ana mahitaji maalumu, unaruhusiwa kudai kiasi chote hata kama hukutoa hata senti moja. Nirudie? Hata kama hukutoa hata senti moja. Watu wengi hawaidai nafuu hii kwa sababu ya uaminifu wao. Anasema, mimi sikulipa wakili, jimbo lililipa kila kitu, nitadai nini? Unadai kiasi chote, kwa sababu sheria ndivyo inavyosema.

Na watu wanasikia mahitaji maalumu wanafikiri ni ulemavu. Mtoto wangu mzima wa afya, anakimbia, anacheza mpira, nitasemaje ana mahitaji maalumu? Ndugu yangu, uamuzi huo si wako, wala si wa daktari peke yake. Jimbo linaangalia mambo mawili: kwamba mtoto hawezi au hapaswi kurudishwa kwa wazazi wake, na kwamba bila msaada isingekuwa rahisi kupata wa kumwasili. Sababu inaweza kuwa umri wake tu, au kwamba wako ndugu watatu wasiotakiwa kutenganishwa, au asili yao, au ugonjwa. Watoto wengi wanaoasiliwa kutoka fosta wanaangukia humo. Ushahidi wake huwa ni mkataba wa msaada wa kuasili uliosaini na jimbo, mara nyingi kabla ya siku ya hakimu, ule unaotaja hela ya kila mwezi na bima ya matibabu.

Alikuja mama mmoja mezani kwangu, amepanga karatasi zake kwenye bahasha ya kaki, amebeba W-2 tu, ile karatasi ya mshahara, na vitambulisho. Nilipomuuliza kuhusu watoto, akasema wawili wa mwisho waliwaasili mwaka 2023, ni ndugu, walikuwa fosta. Nikamuuliza, fomu 8839 mlijaza? Akanitazama. Mkataba alikuwa nao, ulikuwa nyumbani kwenye droo pamoja na kadi za chanjo. Mwaka 2023 kiasi kilikuwa dola 15,950 kwa mtoto, na walikuwa wawili. Hawakudai, kwa sababu aliyewajazia hakuuliza, na wao hawakujua kuna cha kuulizwa. Je, imepotea? Haijapotea. Kwa kawaida una miaka mitatu ya kurekebisha ritani, kwa fomu 1040-X. Kwa wao nafuu hiyo ilikuwa ya kufuta kodi tu, haikurudishwa taslimu, lakini kinachobaki kinahamishiwa miaka inayofuata, mpaka mitano.

Na sasa kuna mabadiliko. Sheria iliyotiwa saini Julai 4, 2025 imeifanya sehemu ya nafuu hii, hadi dola 5,000 kwa mtoto, ilipwe taslimu hata kama hudaiwi kodi yoyote. Tuchukue mfano mmoja. Umeasili mwaka 2025 mtoto mmoja wa fosta mwenye uamuzi ule wa jimbo. Kodi iliyobaki kwenye ritani yako ni dola 3,000. Unapata 5,000 taslimu. Ile kodi ya 3,000 inafutwa. Zinabaki 9,280, unaingia nazo mwaka ujao kufuta kodi ya mwaka ujao. Salio hilo la kuhamisha halilipwi taslimu, na salio la miaka ya nyuma nalo halilipwi taslimu. Yule mama wa mwaka 2023 aliniuliza hilohilo, na jibu halikumfurahisha. Mimi naona sheria ingewafikiria na hao, maana wenye kipato kidogo kabisa ndio wanaobaki na salio wasiloweza kulitumia mpaka miaka mitano inakwisha.

La mwisho kwa leo, nalo ni la ugomvi. Unajaza ritani, unaituma, inarudi: mtoto huyu ameshaandikwa na mtu mwingine. Kwa watoto wa fosta na wapwa hutokea sana. Mama mzazi amemwandika, au baba asiyeonekana, au shemeji. Usimfute mtoto kwenye ritani yako kwa kuona haya, kama aliishi kwako na sheria iko upande wako. Omba IRS namba ya siri ya kulinda utambulisho, ile ya tarakimu sita inayoitwa IP PIN. Ukiitumia, unaweza kutuma kwa kompyuta hata kama mtoto ameshaandikwa kwingine. Usipokuwa nayo, utachapisha na kutuma kwa posta. Baadaye wote wawili mtaandikiwa barua, na hapo zile barua za shule ndizo zitakazosema. Mzazi na asiye mzazi wakigombea, na mtoto aliishi na wote wawili zaidi ya nusu mwaka, mzazi ndiye mwenye haki. Na kama dada yako anaishi kwako pamoja na mwanawe, huwezi kumwandika mtoto huyo ila dada akubali kutomwandika, na kipato chako kiwe kikubwa kuliko chake.

Na ile tabia ya kuazimana watoto, mimi nina sita, chukua wawili uandike wewe tutagawana, jamani, iacheni. Tunaijua, tusijifanye. IRS ikigundua inaweza kukufungia EITC miaka miwili, na ikithibitisha ulifanya kwa hila, miaka kumi. Anayeumia ni mtoto ambaye kweli yuko kwako mwaka unaofuata.

Msaada wa bure upo. Unaitwa VITA, uko maktaba, vyuoni na kwenye vituo vya jamii, kwa watu wa kipato cha chini na cha kati. Ila piga simu kwanza uulize kama kituo chenu kinajaza fomu 8839, kwa sababu huenda isiwemo kwenye fomu wanazojaza. Ukienda kwa wa kulipia, hakikisha anasaini ritani na kuandika namba yake ya IRS ya kazi hiyo. Asiyetaka kusaini, chukua bahasha yako uondoke.

Simu zenu nazipokea baada ya matangazo. Mwenye mkataba wa jimbo drooni mwake, autoe kabisa, tuanze na yeye.